Neno Lililoachia Kamba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye mafua? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mwenye kusinzia akalale sasa hivi, asije akaniangukia motoni. Hadithi hii ina pa kucheka pawili, na hapo penyewe mtajuta kucheka.

Hapo zamani za kale, mnyama alipokuwa akisema na mtu akikosa la kumjibu, palikuwa na watu wa namna mbili wamepakana. Hawa walikaa juu kwenye mawe, wakiitwa watu wa Majabalini. Hawa walikaa chini kwenye nyasi, wakiitwa watu wa Mbugani. Lugha zao hazikuwa ndugu wala marafiki. Huyu akisema "moto," yule anasikia kuku amekanyagwa. Lakini katika maneno yao yote lilikuwapo moja, fupi kama mkia wa mbuzi, ambalo wote walikuwa nalo. Neno lenyewe ni "tu."

Sisi tukisema "tu" tunataka kusema hakuna kingine: uji tu, maji tu, ndivyo ilivyo tu. Watu wa Majabalini wakisema "tu," maana yake vuta. Watu wa Mbugani wakisema "tu," maana yake achia. Msiniulize nani aliwagawia hivyo, sikuwapo. Mdomo wa mtu ni mdogo na mambo ya dunia ni mengi, basi neno moja hutumwa nyumba mbili kama kijakazi, na kila nyumba hulipangia kazi yake.

Ukaja mwaka wa kiu. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, hata mate ya kumtemea adui yakakauka. Mahali pamoja ndipo palipobaki na dalili ya maji: bondeni, mpakani, penye majani yaliyokataa kunyauka. Lakini nani achimbe? Majabalini wakichimba, watasema kisima chao. Mbugani wakichimba, watasema kisima chao. Wakakaa siku nyingi wakitazamana huku watoto wanalamba umande.

Mwisho wakamwita Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayeishi kwenye nyufa za mawe. Lugha zote mbili alikuwa nazo, kwa sababu hana kazi. Huota jua na kusikiliza ya watu.

"Waambie," wakasema wa Majabalini, "sisi hatuwaamini."

"Waambie," wakasema wa Mbugani, "na sisi hatuwaamini."

"Mmekwisha kupatana," akasema Pimbi. "Kilichobaki ni kuchimba."

Wakapatana hivi: akishuka mtu wa Majabalini, kamba ishikwe na watu wa Mbugani. Akishuka mtu wa Mbugani, kamba ishikwe na watu wa Majabalini. Kila mmoja roho yake iwe mikononi mwa mwenzake, na kisima kisiwe cha mtu mmoja. Wakajiona wana akili sana. Watu wasioaminiana wakifunga ahadi, huifungia shingoni.

"Na kazini utakuja kututafsiria?" wakamuuliza Pimbi.

"Jua lile la bondeni nilifuatie nini? Kazi ya kamba ina maneno mangapi? Vuta na achia. Mtaelewana." Akarudi kwenye ufa wake.

Sasa, alikuwapo mwingine aliyejua lugha zote mbili, na hakuna aliyemuuliza. Huyu ni Nyamizi, binti wa Mbugani aliyeolewa Majabalini na Mlekwa mchimbaji. Kule Majabalini, mke wa kutoka nje siku ya kuingia hulambishwa majivu ya jiko la mama mkwe, na tangu hapo lugha ya kwao haitamki ndani ya ua ule mpaka azae. Nyamizi alikuwa hajazaa. Tena kisima kikichimbwa, mwanamke hasogei. Walisema maji yataona haya yarudi chini. Maji yaone haya! Haya wangeona wao.

Zamu ya kwanza alishuka Sizya, kaka yake Nyamizi. Shimo lilikuwa kimo cha mtu mmoja. Akataka kamba ilegezwe ainame vizuri.

"Tu!" akasema.

Watu wa Majabalini wakavuta. Sizya akang'oka kama muhogo.

"Tu!" akapiga kelele, miguu inaning'inia.

Wakavuta tena.

"Tu, nyie wehu, tu!"

Wakamvuta kwa nguvu zao zote mpaka akagonga kichwa kwenye gogo la kupitishia kamba. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Haya, chekeni na nyinyi.

Zamu ya pili akashuka Mlekwa. Shimo lilikuwa kimo cha watu watatu. Akajaza kikapu udongo, nao kwa kuona mkono wake wakaanza kukipandisha. Kilipofika katikati kikasita.

"Tu!" akasema Mlekwa.

Watu wa Mbugani wakaachia. Kikapu kikamshukia begani. Nao wakacheka, wakadhani dunia imelipa la Sizya. Hapo ndipo pa pili pa kucheka, na ndipo pa mwisho.

Mlekwa alirudi nyumbani bega limevimba kama boga. Nyamizi akamkanda kwa majani ya moto. Mama mkwe alikuwa pembeni anasaga mtama.

"Wanataka kuniua," Mlekwa akasema. "Nasema tu, wanaachia. Nasema tu, wanaachia!"

Mkono wa Nyamizi ukasimama. Akageuka.

"Mama, kuna neno nataka kusema."

"Neno la wapi?"

"La kwetu."

"Umezaa?"

"Bado, mama."

"Basi limeze."

Nyamizi akalimeza, neno likakataa kushuka. Mama mkwe alipotoka kwenda kuanua mtama, akainama sikioni kwa mumewe.

"Mume wangu, kwetu 'tu' maana yake achia. Vuta ni 'kwe.' Ukitaka wakuvute, sema kwe."

"Kwe?" akasema Mlekwa. "Kama kifaranga?"

"Hata kama ni kifaranga. Sema kwe, wakutoe. Sema kwe, nikuone jioni. Sema kwe, urudi tupate mtoto nifunguliwe mdomo."

Mlekwa akacheka, bega likamuuma, akacheka tena. "Kwe, kwe, kwe."

Nyamizi hakuishia hapo. Kesho yake, akiokota kuni mpakani, akamwona kaka yake.

"Kaka, mume wangu sasa atasema kikwetu. Akisema kwe, vuteni. Akisema tu, achieni. Msikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu wa nyumbani."

"Shemeji amejifunza lugha yetu?" Sizya akafurahi. "Huyu sasa ni mtu. Nitashika kamba mwenyewe."

Msimcheke Nyamizi. Mimi ningefanya vivyo hivyo, na wewe unayekunja uso ungefanya vivyo hivyo.

Zamu ya tatu akashuka Mlekwa, na Sizya kaka wa mkewe ndiye aliyeongoza kamba. Mlekwa alifungwa kamba yake kiunoni, na kikapu kikawa na kamba ya pili. Shimo lilikuwa kimo cha watu saba, ukitazama chini unaona giza na weupe wa macho yake. Na kazi ikaenda, mwenzangu! Kikapu kikijaa, sauti inatoka chini: "Kwe!" Kikapu kinapanda. Kikimwagwa, sauti inatoka chini: "Tu!" Kikapu kinashuka. Kwe, kinapanda. Tu, kinashuka. Asubuhi nzima hakuna aliyekosea. Watu wa Mbugani wakaanza kumpenda. "Sikia anavyosema," wakaambiana, "utadhani amezaliwa kwetu."

Jua lilipofika utosini, jembe la Mlekwa likapasua mshipa wa maji. Maji hayakuja kwa adabu. Yalipiga ukuta wa shimo, ukuta ukameguka, udongo ukamfika magotini, ukamfika mapajani.

Mtu akiwa ametulia husema lugha aliyofundishwa. Akiona kifo husema lugha aliyonyonya.

"Tu!" akalia Mlekwa.

Juu, Sizya akasita. "Anasema tulegeze. Kamba inambana labda, anataka kuinama." Wakalegeza.

"Tu!"

"Anasema tulegeze tena. Ameona maji!" Wakalegeza tena.

"Tu! Tuuu!"

"Shemeji amekasirika sasa, tunamchelewesha. Achieni!" Wakaachia kabisa. Kamba ikapita juu ya gogo, ikaingia shimoni nzima nzima, kama nyoka anayerudi kwake.

Pimbi alikuwa kwenye jabali lake, akasikia. Yeye peke yake pale ndiye aliyejua ni "tu" ya wapi. Akainuka kupiga kelele. Aseme vipi? Akitumia lugha ya Majabalini, walioshika kamba hawatasikia. Na ya Mbugani ilikuwa na uzito mdomoni, alikuwa hajaitumia tangu siku ya mapatano. Lugha mbili zikagombania koo moja, na kilichotoka ni ukelele usio na neno ndani yake. Mkisikia Pimbi analia, ni kilio hicho hicho, na bado hakina neno.

Ukuta wote ukaanguka. Na sauti ya shimoni ikakatika.

Watu wa Majabalini, waliokuwa mbali juu ya mawe wakasikia kile kilio, wakashuka na mikuki. Wakamkamata Sizya, wakamlaza kifudifudi kwenye ule udongo aliouchimba Mlekwa. Watu wa Mbugani nao wakashika mikuki yao. Wakapigiana makelele, na hakuna anayemsikia mwenziwe. Ndipo Nyamizi akaja mbio, kisima cha wanaume akakikanyaga na miguu yake miwili, na mara hiyo hakuna aliyekumbuka haya ya maji.

"Muulize," wakamwambia wa Majabalini. "Kwa nini aliachia?"

Nyamizi akamuuliza kaka yake kwa lugha ya kwao, mbele ya mama mkwe aliyekuja mbio nyuma yake.

"Alisema achia," Sizya akajibu, mdomo umejaa udongo. "Mara tatu alisema. Dada, mimi nani nimbishie mtu aliye shimoni?"

"Anasema mume wangu alisema achia," Nyamizi akatafsiri.

"Mwongo! Tulisikia sote! Alisema vuta!"

"Wanasema alisema vuta, kaka."

"Naapa kwa mama yetu, alisema achia!"

Mkuki ukainuliwa. Nyamizi alikuwa na mume chini ya udongo na kaka juu ya udongo, na hapakuwa na muda wa kulia. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, kaka yake angechomwa mkuki, na yeye angebaki mjane mwema asiye na kosa. Akasema.

"Wote mmesikia kweli. Mume wangu alisema neno la kwenu, na kaka yangu alisikia neno la kwetu. Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu lugha yetu, na mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu amwamini. Nisingesema kitu, Sizya angesikia kilio cha mtu wa Majabalini na angejiuliza. Mimi nilimwondolea kujiuliza."

Mama mkwe akasogea. Alikuwa mwanamke mfupi, watu wakampisha.

"Ulimfundisha wapi?"

"Ndani ya nyumba yako, mama."

"Nilikwambia ulimeze."

"Uliniambia, mama."

Mkuki ukashushwa. Sizya akaachiwa, akatambaa kwenda upande wa kwao, hakumtazama dada yake. Hawa wakamwona Nyamizi muuaji, wale wakamwona mchonganishi. Mama mkwe hakuondoka. Alisimama ukingoni pa lile shimo lililojaa matope.

"Neno la mwisho la mwanangu," akauliza, "alilisema kwa lugha ya nani?"

"Kwa lugha yako, mama," Nyamizi akajibu. "Ile uliyomnyonyesha."

Yule mama alitaka tangu mwanzo lugha yake isitoke nyumbani mwake. Haya, haikutoka. Alinyoosha mkono mmoja kuelekea Mbugani, na Nyamizi akaufuata mkono ule akaenda. Kule kwao walimpa kibanda mwisho wa kijiji, na watu wakimsalimia husalimia kwa kichwa, wasije wakapewa neno.

Na maji? Maji yalipanda juu ya Mlekwa, siku ya kwanza mekundu, siku ya pili ya kahawia, siku ya tatu meupe. Watu wa pande zote mbili wakaja na vibuyu wakasimama mbali, kila mmoja anangoja mwenzake awe wa kwanza kuona haya au kuona kiu. Wakampisha mama yake Mlekwa, mwenye msiba. Akapiga magoti, akachota, akatazama ndani ya kibuyu kwa muda mrefu.

Akanywa. Mnanikodolea macho ya nini? Alikuwa na kiu.

Hadithi yangu imefika hapo kisimani ikaishia. Anayetaka mwisho mtamu, akachimbe wa kwake.