Soksi za Mikononi

Mvunguni mwa kitanda hamuingiwi kifua mbele. Anayekitaka kilichomo hana budi kupiga magoti, hata watu wakimcheka. Watu wa Tristan, ambao kisiwa chao ni mlima mmoja uliochomoza baharini, wanalijua hilo, ila wengine mpaka watiwe adabu.

Noreen alitaka kuwa kiongozi wa kupandisha wageni mlimani kama marehemu baba yake. Nafasi ilikuwa moja, na binamu yake Selwyn, kijana wa majivuno, aliitaka pia. Mjomba Wilberd, mkuu wa viongozi, akatoa sharti: atakayemletea maji ya ziwa la kileleni ndiye mwenye kazi.

Walipofika kwenye changarawe nyekundu chini ya kilele, upepo ulivuma kwa hasira. Noreen akatoa soksi za sufu za baba yake. Huko wanawake huwafumia wapenzi wao soksi, na kadiri mistari inavyozidi ndivyo mapenzi yanavyozidi; soksi hizo, alizozifuma mama yake, zilijaa mistari tele. Akazivaa mikononi, akainama, akaanza kutambaa.

Selwyn akaangua kicheko. "Soksi za mapenzi unazivaa mikononi! Si ungekuja na kwato kabisa, we kondoo?"

"Cheka tu, binamu. Kilele hakina habari na kicheko chako."

"Mimi napanda kama mwanamume!" Akatia mikono mfukoni, akapanda wima.

Maneno yale yalimchoma Noreen, maana mama yake alimkabidhi soksi hizo akilia. Hata hivyo hakuinuka. Upepo ukamkumba Selwyn, changarawe ikamponyoka miguuni, akaporomoka kwa makalio hadi alikoanzia. Akajaribu tena vilevile, akaporomoka vilevile. Noreen akampita polepole, akapenya wingu, na mara ziwa likawa mbele yake. Akajaza chupa huku akicheka na kulia kwa furaha.

Kijiji kizima kilimpokea kwa shangwe. Mjomba Wilberd akaonja maji, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Kiongozi wetu huyu hapa!"

Noreen akamwonyesha mama yake soksi zilizotoboka viganjani. "Nisamehe, Mama. Nimeziharibu."

"Ziharibike wapi? Lete nizitie viraka, na mstari wako niuongeze."

Selwyn akajisogeza, suruali imechanika nyuma. "Binamu... zikishapona, utaniazima?"

Watu wakavunjika mbavu, naye akacheka pamoja nao. Siku ile hata yeye alikiri kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.