Mpunga Ulioitwa Agnella

Barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba hukikata kijiji cha Mbingu katikati. Upande mmoja milima ya Udzungwa imesimama na misitu yake mizito, ikiteremsha vijito mwaka mzima. Upande wa pili bonde la Kilombero limelala, jeusi kwa udongo na kijani kwa mpunga, hadi macho yachoke. Mtu wa pale hapimwi kwa mavazi wala kwa maneno. Hupimwa kwa shamba lake. Na kwa kipimo hicho, Silvano alikuwa mtu wa kuvuliwa kofia.

Ujanani aliwahi kuwa kibarua katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo, akajifunza huko kazi ambayo wenzake waliiona ya kitoto: kuozesha mpunga, yaani kuufungisha ndoa mmoja na mwingine. Asubuhi, kabla maua hayajafunguka, alikata ncha za punje changa kwa mkasi wa kushonea, akatoa kwa kibano vifuko vya chavua vya ndani, kisha akalikung'utia suke lile chavua ya mpunga mwingine na kulifunika kwa mfuko wa karatasi. Mama aliyemchagua alikuwa mpunga wa zamani wa bondeni, mrefu, wenye harufu ya kumwinua mgonjwa kitandani, lakini dhaifu wa kiuno. Upepo wa masika ukivuma, hulala majini ukaoza. Baba alikuwa mpunga mfupi wa kisasa, mgumu kama mpini wa jembe, wenye mazao mengi na usio na harufu hata chembe. Silvano alitaka mtoto mwenye kiuno cha baba na pumzi ya mama.

Mtoto wa namna hiyo hapatikani kwa uzao mmoja. Wajukuu wa mpunga huchipuka kila mmoja na tabia yake, na mwenye kutaka mmoja sharti awakatae mia. Msimu baada ya msimu Silvano alichagua masuke machache, mengine akayapeleka chunguni. Mpunga ulipochanua, kila alfajiri alipita mstari kwa mstari, magoti topeni, akang'oa bila huruma kila mche uliokwenda kinyume na wenzake.

Mkewe, Agnella, ndiye aliyekuwa hakimu wa jikoni. Kila uzao aliupika peke yake katika sufuria ndogo, bila chumvi wala nazi, akaonja akiwa amefumba macho.

"Huu unanukia jikoni, ukifika mezani umekufa," alisema juu ya mmoja. Juu ya mwingine alisema, "Baba Stefania, huu wape bata, na bata wenyewe uwaombe radhi kwanza."

Miaka ikapita hivyo. Hatimaye siku moja alionja, akafumbua macho, akachota tena. Silvano akaelewa kwamba kazi imekwisha. Akautazama mpunga uliosimama shambani wima ilhali wa majirani umelala, akautangazia jina: Agnella.

"Jina la mtu si la kuchezea," mkewe akapinga. "Uite Mbingu, au uite Kilombero."

"Mingine yote uliikataa wewe. Huu uliobaki ni wako."

Mchana ule majirani walimsikia akitwanga huku akiimba wimbo wa kanisani, naye si mwimbaji.

Jina la mbegu, hata hivyo, halithibitishwi na mume. Alikuja mkaguzi wa mbegu aitwaye Theresia, mwanamke kijana mwenye mabuti ya mpira na maneno machache.

"Shikamoo, Mzee Silvano."

"Marahaba, binti. Karibu uuone mpunga mzuri kuliko yote bondeni."

"Uzuri sina pa kuuandika, mzee. Nieleze ulivyo."

Wakaingia majini. Jani la juu kabisa, limesimama au limeinama? Limesimama kama mkuki, alisema Silvano. Theresia akaandika "limesimama", mkuki akamwachia mwenyewe. Shina chini lina rangi gani? Zambarau. Punje ina ndevu? Haina. Ncha ya punje? Zambarau pia, ila hufifia ikikauka. Urefu akaupima mwenyewe kwa ufito, mche baada ya mche, hata Silvano akaona anatahiniwa mbele za watu.

"Mambo ni matatu," Theresia alisema walipotoka. "Mpunga uwe tofauti na mingine yote, ufanane mche kwa mche, na mwaka ujao uwe vilevile. Mawili nimeyaona. La tatu nitaliona msimu ujao, papa hapa. Ukipita, jina la Agnella litaingia katika mbegu za nchi nzima. Mpaka hapo, mzee, ilinde mbegu yako."

Agnella alikuwa amesimama tutani akisikiliza. Silvano alimwona akijifunga upya kanga, polepole, kama mtu anayejiandaa kuingia mahali pa heshima.

Mwezi wa Agosti Silvano aliupeleka mpunga wake kwenye maonyesho ya wakulima Morogoro, na huko ndiko sifa zilikomvamia kama kwelea shambani. Watu walijaa mezani pake. Redio ikamhoji. Mtu mmoja mwenye suti akamwita Profesa, na jina hilo likasafiri naye hadi nyumbani.

"Profesa, mbona wakanyaga tope?" alimtania Nazari, jirani yake wa siku nyingi, siku walipokutana kwenye mfereji. "Profesa hukanyaga zulia."

Waliokuwapo wakacheka, naye Silvano akacheka pamoja nao. Lakini tangu siku ile akaanza kulizunguka dimbwi ambalo zamani alilipita katikati.

Mvua za kupandia zilipokaribia, wakaja waombaji wa mbegu. Walitoka Mofu, wakatoka Malinyi, wengine wakashuka treni kutoka Mang'ula na magunia matupu makwapani. Sasa, katika bonde lile mbegu hainyimwi. Mtu akiomba mbegu wakati wa kupanda, hata kama mlikosana, hurudi na chochote, japo konzi moja, ujazo wa kiganja; naye huipokea kwa mikono miwili na kuikuza mwenyewe, msimu mpaka msimu, hata iwe shamba. Konzi haimwaibishi mtoaji wala mpokeaji.

"Wape konzi, kila mtu konzi yake," Agnella alimshauri. "Ndivyo mama zetu walivyogawa."

"Watu wamepanda treni, Mama Stefania. Niwarushie konzi kama kuku?"

"Basi waambie imekwisha, waje mwakani."

"Watasema nini? Kwamba Profesa wao hana mbegu?"

Agnella alimtazama kama mtu amwonaye mgeni ameketi kwenye kiti cha mumewe, kisha akarudi jikoni.

Jumapili iliyofuata Silvano alisema kiuno kinamuuma. Mkewe alipokwenda Misa, yeye alitandaza turubai ghalani, akamwaga mbegu ya Agnella, na juu yake akamwaga mpunga wa kawaida, ule wa chakula. Ukiwa mkavu na umepepetwa hakuna ajuaye tofauti: zambarau imefifia, ndevu zimekatika. Akashika koleo, akachanganya. Mwanzoni mkono ulisita. Kisha akakumbuka jinsi watu wa Malinyi walivyosimama kwa heshima alipowapita, akajiambia kwamba mbegu njema ina nguvu, itaufunika udhaifu wa nyingine kama mchuzi unavyofunika ugali. Jioni watu, Nazari miongoni mwao, waliondoka na magunia, wakimwombea maisha marefu.

Debe moja tu alilitenga, safi, kwa shamba la ukaguzi. Na debe hilo lingemwokoa, kama sifa zingeishia hapo. Lakini siku chache baadaye gari lilisimama uani, akashuka mwenyekiti wa wakulima wakubwa kutoka upande wa Ifakara, mzee mwenye tumbo la mbele na ulimi wa asali.

"Mzee mwenzangu," alisema akimshika Silvano mkono kwa mikono yote miwili, "huko mjini tunaambiwa wewe ndiye mwalimu wa watafiti."

Kama angesema neno lingine lolote, pengine Silvano angempa konzi. Neno lile lilimlevya. Akaingia ndani, akagawa debe nusu kwa nusu, akampa mgeni nusu, na pengo lililobaki akalijaza mpunga wa kawaida hadi ukingoni.

"Debe la ukaguzi lipo?" Agnella aliuliza jioni.

"Lipo, tena limejaa."

Naye Agnella, aliyekwenda kulitazama kwa macho yake na kulikuta limejaa, akalala kwa amani.

Mpunga mchanga wote ni ndugu. Wiki zilipita shamba likiwa kijani moja, na Silvano akaanza kuamini uongo wake mwenyewe. Kisha mpunga ukachanua, nao ukweli ukatoa masuke. Hapa mche mfupi umesimama. Ubavuni mwake mrefu umeinama. Huu una ndevu, ule hauna. Huu umeanza kuiva, ule ndiyo kwanza unatoa ua. Akaingia majini kung'oa kama zamani, lakini kabla hajafika katikati alisimama na kutazama nyuma: shamba lilikuwa limetoboka kama kinywa cha kibogoyo. Akiendelea, mashimo yangemshitaki. Akiacha, ndevu zingemshitaki.

Asubuhi moja Nazari alikuja hadi tutani. Safari hii hakuteremka majini.

"Profesa, shambani kwangu kuna harusi ya makabila mengi. Nani alialika wageni?"

"Ni ndege, Nazari. Na maji ya mwaka huu."

"Ndege," Nazari alirudia taratibu. "Mimi nilidhani ndege hula mbegu, kumbe siku hizi hupanda." Akaondoka.

Theresia alifika kama alivyoahidi. Alitembea mistari michache tu, akasimama. Akakata suke lenye ndevu, akaliweka kiganjani mwa Silvano.

"Mzee, mwaka jana uliniambia mpunga wako hauna ndevu."

"Mafuriko, binti. Maji huleta takataka za watu."

"Maji hutupa mbegu ovyo, hasa kule mferejini. Huu umo ndani ya mstari, umepishana na wenzake kwa nafasi ileile. Umepandwa kwa mkono."

Tutani, Agnella alikuwa amekuja na sahani ya wali wa mgeni, wali wa mpunga wenyewe wa mwaka uliopita, na harufu yake ilitembea juu ya maji hadi walipokuwa. Theresia aliisikia, akainua kichwa.

"Harufu hii ni ya kweli," alisema. "Lakini mimi hukagua shamba, sikagui sahani." Akaandika, akafunga kalamu. Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza Silvano zaidi. "Masuke halisi bado yamo humu. Ukiyachagua tena moja moja, kwa misimu kadhaa mpunga wako utarudi. Mpunga husafishika, mzee. Ila kwa jina hili, Agnella, nimekwisha kuandika kwamba si mpunga mmoja. Jina sina namna ya kulisafisha."

Agnella aliiweka sahani juu ya tuta, taratibu, akageuka na kwenda zake.

Wakati wa mavuno kilio kilienea bonde zima. Waliovuna mapema walikata nusu mbichi. Waliosubiri waliona nusu iliyoiva ikipukutika topeni. Mashineni punje nene na nyembamba zilikataa kukobolewa pamoja, mchele ukatoka chenga. Sokoni Ifakara wanunuzi walichota, wakatazama, wakarudisha gunia kwa swali moja: "Huu ni Agnella?" Jina halikuishia kwenye mpunga. Muuza maziwa aliyetia maji aliambiwa ameuza Agnella. Fundi aliyechanganya saruji kwa mchanga mwingi alijenga ukuta wa Agnella.

Siku moja Agnella mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya mashine na ungo wake kichwani. Mwanamke wa mbele yake, asiyemjua, alikuwa akimkaripia msichana wake wa kazi: "Pepeta vizuri. Sitaki uniletee Agnella nyumbani kwangu." Watu wakacheka. Agnella alitua ungo, akangoja zamu yake hadi mwisho, akakoboa, akalipa, akarudi nyumbani. Hakumwambia mumewe. Aliyemwambia ni kicheko cha barabarani siku ya pili.

Msimu mwingine wa kupanda ulikuta Silvano ameinama tena. Alikuwa amechagua masuke halisi, akayapura kwa vidole, akapata konzi moja safi. Hakuna aliyekuja kuomba. Basi akaichukua mwenyewe hadi kwa Nazari, akainyoosha kwa mikono miwili, jambo ambalo mtoaji halifanyi.

"Bwana Silvano," alisema Nazari, na lile jina la Profesa halikuwapo tena kinywani mwake, "mikono yangu ina tope." Mikono yake ilikuwa mikavu. Mbegu isiyonyimwa ilikuwa imekataliwa.

Alirudi na konzi yake ikiwa imelowa jasho. Agnella alikuwa uani akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba Stefania, kuna jambo moja nataka kukuuliza, sitauliza tena."

"Uliza."

"Kwa nini hukuuita kwa jina lako?"

Silvano alisimama pale, konzi mkononi, akayapitia moyoni maneno yote aliyowahi kuambiwa na watu wenye suti na watu wenye magari. Jina lake mwenyewe lilikuwa salama. Hakuna aliyelitaja sokoni. Aliyelipa ni yule aliyeonja kwa macho yaliyofumbwa, akamsadiki. Ndipo ijulikane kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.