Bibi Nyamizi na Kurasa Zilizoshikana

Inasimuliwa kwamba, na waliosimulia ni wanawake wa kisimani, ambao hawana desturi ya kupunguza, katika zama za wazee wa imani palikuwa na mji mdogo wa misheni uitwao Mtondooni. Humo aliishi mfinyanzi mmoja, Bibi Nyamizi, Mola amrehemu. Vyungu vyake vilikuwa mekoni mwa kila mwamini, lakini yeye mwenyewe hakuwa mwamini. Alikuwa mwanamke wa hasira, na hasira yake ilikuwa na kisa.

Miaka sita nyuma alimzika bintiye wa pekee, Loisi, aliyekuwa amebatizwa pamoja na watoto wenzake. Siku ya mwisho Loisi aliomba uji. Nyamizi akamkorogea wa mtama, akawa anaupoza kwa kuumimina kutoka bakuli hili kwenda lile, na ulipofaa kunyweka, mtoto alikuwa amekwisha kukata roho. Huko makaburini mama alijiinamia, kajifunika kaniki gubigubi. Alisikia watu wakigombana, hakujua wanagombea nini, wala hakujali. Kisha kelele zikaenda mbali, ikabaki sauti moja ya mwanamume inayosoma. Katika yote yaliyosomwa, neno moja tu lilipenya kaniki likamchoma: kwamba binti apewe chakula.

Chakula! Juu ya kaburi la mtoto aliyekufa akiusubiri uji! Nyamizi aliamini kabisa kwamba amekejeliwa. Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, na mwenye kumwambia habari za Mungu alijibiwa, "Kachukue chungu chako uende zako."

Mwaka wa nne kifua kikaanza kumbana. Akakohoa kiangazi chote, akajua kwamba safari yake iko karibu. Mambo mawili yakamkosesha raha. La kwanza, Loisi alilala ndani ya uzio wa kanisa, na ndani ya uzio huo hazikwi asiyebatizwa. La pili, hakutaka kubatizwa katika dini iliyomcheka msibani. Basi akakata shauri: atajifunza kusoma, aone kwa macho yake kama neno lile limo ndani ya Biblia, au ni mtu tu aliyemfanyia stihizai. Likiwamo, atataka kujua maana yake. Lisipokuwamo, na azikwe porini, lakini mtu huyo atamtambua.

Akakaa mkekani shuleni pamoja na watoto wenye mapengo. Watoto wakamcheka, naye akawacheka mapengo yao. Kwa kidole gumba kilichozoea udongo akazifuata herufi moja moja, na baada ya masika mawili zikamtii.

Sasa tuseme ukweli kuhusu watu wa Mtondooni, maana ukificha uchafu wa wazee unawafanya watoto wadhani wema ni kitu chepesi. Biblia ziliwafikia katika tafsiri mbili. Moja ilikuwa katika lugha ya watu wa pwani ya kaskazini, nayo ilikuwa na jalada jekundu. Ya pili ilikuwa katika lugha ya watu wa kusini, na jalada lake jeusi. Aliyenena katika zote mbili ni Mmoja, subhana. Lakini watu! Wekundu walikaa upande wa kuume wa kanisa, Weusi upande wa kushoto. Hawakupeana kaa la moto. Mposaji wa Wekundu akipiga hodi kwa Weusi, mbwa alifunguliwa. Na walikuwa na ada yao: mtu mzima anayetaka kubatizwa husimama Jumapili mbele ya watu wote, akakuta Biblia mbili mpya mezani, akainua moja, akaenda kukaa upande wake maisha yake yote. Ndipo abatizwe. Asiyechagua, habatizwi.

Basi ilipojulikana kwamba Bibi Nyamizi amejua kusoma, mji ulichemka. Mfinyanzi anaingia kila nyumba! Atakakokwenda, wanawake wangapi watamfuata?

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Hezekia, imamu wa Wekundu kama ningekuwa na ruhusa ya kumwita hivyo, mtu wa ndevu nzuri, aliyesoma kila ibada Zaburi moja ileile kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Alikuja na Biblia yake kwapani.

"Hodi hapa, Bibi."

"Karibu, Mzee. Usikanyage vyungu, havijakauka."

"Nimekuja kukunasihi. Ukitaka Neno lenyewe, safi, lisilochanganywa na maji, chukua Nyekundu. Ile nyingine ni ya watu wa sokoni."

"Ahsante. Nina swali moja tu, Mzee. Mle ndani, ni wapi panaposemwa habari ya binti aliyekufa, na chakula?"

Mzee Hezekia akakohoa, ingawa mgonjwa wa kifua hakuwa yeye. "Chakula? Binti? Hilo si la Nyekundu. Hilo litakuwa kwa Weusi. Hao ndio wanaoabudu matumbo."

"Lakini lilisomwa kaburini kwa mwanangu. Nani alisoma siku ile?"

"Nilisoma mimi," akasema Mzee Hezekia, bila kupepesa. "Nawe umesikia vibaya kwa ajili ya machozi."

Akamruhusu aishike Biblia, kwa heshima, kama unavyomshikisha mtu mtoto wa mfalme. Nyamizi akapitisha kidole gumba ukingoni, kama anavyokagua mdomo wa chungu. Akahisi kitu. Vitabu vya zama zile vilitoka kiwandani kurasa zake zimeshikana ukingoni, na msomaji alizikata kwa kisu kadiri alivyosoma. Katika Biblia ya Mzee Hezekia, zilizokatwa zilikuwa kurasa za ile Zaburi yake moja. Nyingine zote, mbele na nyuma, zilikuwa zimefumba kama kombe la baharini. Miaka kumi na miwili alikuwa nayo! Miaka kumi na miwili amewatukana watu kwa ajili ya kitabu asichokifungua!

Damu ikampanda Nyamizi hadi masikioni. Lakini akamrudishia Biblia yake. Mfinyanzi anajua kwamba chungu hakitolewi motoni kabla ya wakati.

Kesho yake akaja Mama Priska, kiongozi wa wanawake wa Weusi. Huyo naye! Biblia yake aliivika vitambaa saba, na katikati ya vitambaa akaweka karafuu, na siku za ibada aliipakata kama mwari wa arusi.

"Bibi yangu kipenzi," akasema, "umekonda! Njoo kwetu, utunzwe. Nyeusi ndiyo tamu, inateremka kama asali. Ile ya Wekundu unaisoma huku unajikwaa."

"Nionyeshe basi mahali pa binti aliyekufa, na chakula."

Mama Priska akacheka hadi bangili zikalia. "Mauti na chakula! Loo! Hayo ni ya Wekundu, mwenzangu. Hawawezi kwenda matangani bila kuulizia pilau."

Nyamizi akamtazama, akaona aibu kwa niaba yake. Wote wawili wamelikana neno moja, na kila mmoja amelitupa uani kwa jirani kama takataka.

Ndipo akajikongoja hadi makaburini, akitaka kumwambia Loisi kwamba mama yake ameshindwa. Alimkuta mchimba makaburi, Obadia, mtu ambaye pande zote mbili hazikumtaka, maana mikono yake ilinuka udongo wa wafu. Kanisani alikaa peke yake kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mchanga, anasoma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma nini?"

Obadia akaona haya. Akamwonyesha. Kilikuwa kitabu, ikiwa inafaa kukiita kitabu: makaratasi aliyoyaokota kila Biblia kuukuu ilipochanika na kutupwa, ya Nyekundu na ya Nyeusi, akayashona pamoja kwa uzi wa katani na kuyavika ngozi ya mbuzi. Karatasi zilikuwa zimelegea kwa kushikwa, pembe zake zimekuwa kama masikio ya mbwa.

Nyamizi akamuuliza swali lake. Obadia hakukohoa wala hakucheka. Akalowesha kidole, akafunua, akasema, "Ni hapa, Bibi. Nililisoma juu ya Loisi."

"Ulisoma wewe? Mzee Hezekia ameniambia..."

"Nisamehe. Wazee walikuwa wanabishana ni Biblia ipi isomwe juu ya jeneza. Ugomvi ukazidi, wakatoka nje ya uzio, wakakuacha. Jua linachwea, mtoto hajasomewa neno, mama yake yuko chini. Nikaona vibaya. Nikaweka jembe, nikasoma nilichokipenda mimi."

Nyamizi akakaa mchangani. Akasoma mwenyewe, neno kwa neno, na Obadia hakumharakisha. Ilikuwa habari ya binti wa miaka kumi na miwili. Baba yake anamtafuta Bwana, njiani anaambiwa asimsumbue tena, mtoto amekufa. Watu wa matanga wanamcheka Bwana. Naye anaingia kwa mtoto na wazazi wake, anamshika mkono, binti anainuka. Kisha, katikati ya mastaajabu ya watu, Yeye anakumbuka kitu ambacho mama tu angekikumbuka: mtoto huyu ana njaa. Anaagiza apewe chakula.

Bibi Nyamizi akajifunika kaniki. Safari hii hakulia kama aliyekejeliwa. Alilia kama mtu aliyehifadhiwa bakuli lake la uji miaka sita, akalikuta bado lina moto.

Ikafika Jumapili. Kasisi, ambaye alizunguka miji mingi na kufika Mtondooni mara moja kwa miezi mitatu, akasimama mbele. Biblia mbili mpya zilikuwa mezani. Wekundu wakakaza shingo, Weusi wakaweka ndimi tayari kwa vigelegele. Na Nyamizi alijua vizuri anachokihatarisha. Akiwaudhi wazee, watamwomba Kasisi amrudishe mkekani hadi mwaka ujao, na kifua chake hakikuwa na mwaka.

"Chagua, Bibi," akasema Kasisi.

"Nitachagua, Baba. Lakini chungu hakinunuliwi bila kugongwa. Nawaomba Mzee Hezekia na Mama Priska wanisomee, kila mtu katika Biblia yake mwenyewe, habari ya binti aliyefufuliwa akapewa chakula."

Mzee Hezekia akasimama na ndevu zake. Akafunua huku, akafunua kule. Kurasa hazikufunguka.

"Zimeshikana," akasema kwa sauti ndogo. "Ni unyevu."

"Si unyevu, Mzee wangu," akasema Nyamizi. "Zinataka kisu. Zimekitaka miaka kumi na miwili."

Kasisi akateremka, akapitisha kidole ukingoni, akamtazama Mzee Hezekia usoni.

Mama Priska akaanza kuvua vitambaa. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Watoto wakawa wanahesabu kwa sauti. Alipofika cha saba na kuifungua Biblia, karafuu zikamwagika sakafuni, na mgongo wa kitabu ukalia kwa! kama ukuni unaovunjwa, maana ulikuwa haujakunjwa tangu uzaliwe. Akatafuta mwanzo, akatafuta mwisho. Mwisho akaketi, na bangili zake siku hiyo hazikulia.

Ndipo Nyamizi akatoa chini ya kaniki kitabu cha ngozi ya mbuzi, alichoazimwa na Obadia. Akasoma habari ile katika karatasi ya Nyekundu. Akafunua, maana Injili imeisimulia zaidi ya mara moja, akaisoma tena katika karatasi ya Nyeusi. Alisoma polepole, akikohoa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mmesikia?" akasema. "Katika Nyekundu binti ameinuka, amepewa chakula. Katika Nyeusi binti ameinuka, amepewa chakula. Waliolala ni nyinyi! Mlimwacha mwanangu jenezani mkaenda kugombana nyuma ya uzio, kwa ajili ya vitabu ambavyo hamkuwa mmevifungua. Aliyemsomea ni huyu mnayemkalisha mlangoni."

Kasisi akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Bibi, bado hujachagua."

Nyamizi akaenda mezani. Akafunua Nyekundu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Akafunua Nyeusi. Akainua Nyeusi. Vigelegele vikapasuka upande wa kushoto.

"Nyamazeni!" akasema. "Hii ina herufi kubwa, na macho yangu ni ya kikongwe. Basi, hakuna lingine. Laiti Nyekundu ndiyo ingekuwa na herufi kubwa, ningeichukua hiyo."

Kisha akatembea, polepole, akapita upande wa kushoto, akapita wa kuume, akaenda kukaa benchi la nyuma karibu na Obadia. Kasisi akabeba maji mwenyewe akamfuata huko, akambatiza mlangoni.

Wanawake wa kisimani wanasema kwamba juma lile Mtondooni visu vya jikoni viliadimika. Ukipita kwenye barabara ulisikia nyumba kwa nyumba, kwa Wekundu na kwa Weusi, kra, kra, kra, kurasa zinakatwa. Na Bibi Nyamizi alipofariki kabla ya masika, alizikwa ubavuni mwa Loisi ndani ya uzio. Obadia alisoma. Pande zote mbili zilisimama, hakuna aliyetoka nje, na Mzee Hezekia ndiye aliyemshikia Obadia jembe.

Enyi mlioanza kusoma jana, mnaozunguka mkiuliza ni tafsiri gani iliyo bora: muulizeni hata mwenye hekima, si vibaya, na chukueni ile ambayo macho yenu yataiweza. Lakini akija mtu kuwatukania tafsiri ya jirani, msimjibu. Mwombeni awashikishe ya kwake, mpitishe kidole ukingoni.