Walii wa Bi Nadhira

Katika mji wa Zamradi, uliozungukwa na kuta za mawe ya kijani na masoko yasiyojua kufungwa, alitawala Sultani Mudhafari bin Ghanim, mtu mwadilifu lakini mwepesi wa kusikia maneno, na wepesi huo nusura umtie katika aibu isiyofutika. Na katika mji huo alikaa Majusi mmoja, mwabudu moto, jina lake Behramu, mkata vito, ambaye hakujaaliwa ila binti mmoja, Nadhira. Na binti alipobaleghe Mwenyezi Mungu akamwongoza, akasilimu, akahamia kwa mjane mmoja mcha Mungu aliyemfundisha Kurani. Babake hakumpiga wala hakumlaani. Alimtazama akifunga mizigo yake, kisha akarudi kwenye jiwe alilokuwa akilisugua.

Rafii, mwana wa Sultani, akazisikia sifa za Nadhira, akamposa, naye Nadhira akaridhia kwa moyo wote, maana alikuwa amempenda kitambo na akaona haya kusema. Lakini hapo pakawa na fundo. Ndoa haifungwi bila walii, msimamizi wa bibi harusi, na baba asiye Mwislamu hawezi kumwozesha binti Mwislamu, hata damu iwe moja. Kadhi akasema, "Asiye na walii, Sultani ndiye walii wake." Na lau wangeishia hapo, mambo yangekwisha salama. Lakini Waziri Shadhili, mtu mwenye ulimi wa asali na tumbo la nyongo, akainama mbele ya kiti akasema, "Ewe Maulana, Mungu akuzidishie umri, watu wana midomo. Watasema Sultani ndiye walii wa bibi harusi na ndiye baba wa bwana harusi, amejiozea mwenyewe. Tumtafutie binti huyu jamaa wa damu aliye Mwislamu." Na juma halikupita, jamaa akapatikana.

Alikuwa kijana mrefu, mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, akajiita Harithi, akasema yeye ni mwana wa Behramu kwa mke mwingine aliyeachwa nchi ya mbali. Akalia kabla hajaulizwa kitu, na anayelia kabla hajaulizwa ni mtu wa kuchungwa. Hata hivyo mji ukafurahi. Behramu alipokuja barazani kusema kwamba hakuwahi kuwa na mke mwingine wala mwana wa kiume, Kadhi akamjibu, "Wewe ni Majusi, naye ni Mwislamu. Ushahidi wako juu yake haupokelewi." Mzee akatolewa nje akiwa ameshikwa mikono.

Nadhira akashikwa na shaka, na shaka yenyewe ilikuwa na meno pande zote mbili. Alimshuku Harithi, maana kaka aliyetafutwa na waziri hupatikanaje upesi hivyo? Lakini babake alimshuku zaidi. Akawaza, kwa nini mzee huyu aje leo, siku za furaha yangu? Bila shaka anataka ndoa ivunjike nirudi kwenye moto wake. Akajiambia, "Kikulacho ki nguoni mwako," na akawapelekea mabawabu neno kwamba Behramu asivuke tena lango la kasri. Neno lile lilimuuma alipolitoa, lakini alilitoa.

Siku moja kabla ya nikahi akamwita Harithi ukumbini, na yule mjane akiwa kando. Mpaka siku hiyo walikuwa wamezungumza kwa pazia tu. Nadhira akafungua pazia, akauvua ushungi wake, nywele zikamwagika mabegani, kama dada afanyavyo mbele ya kaka yake.

"Karibu, kaka," akasema. "Nitazame, uniambie kama nimechukua macho ya baba yetu."

Harithi akainamisha kichwa upesi, akageuka akaukabili ukuta. "Jifunike, bibi," akasema. "Nakusihi kwa Mungu, jifunike."

"Kaka gani huyu anayemkimbia dada yake?"

Akasema bila kugeuka, "Ulimi wangu umefungwa, bibi. Macho yangu hayakufungwa." Akatoka mbio, na zulia nene alilolikanyaga halikuonyesha hata wayo mmoja.

Kesho yake baraza likajaa masharifu na matajiri, na udi ukafuka, na Nadhira akakaa nyuma ya pazia. Kabla khutba haijasomwa akapaza sauti, "Maulana, naomba Harithi ashike Msahafu, aape kwamba Behramu ndiye babake."

Waziri akacheka. "Wasiwasi wa bibi harusi huo, Maulana." Lakini Sultani akaamuru Msahafu uletwe. Harithi akaunyoosha mkono, akaurudisha. Waziri akawa anaizungusha pete kidoleni mwake, na kila akiizungusha Harithi alitetemeka, na jasho likamtoka waziri mwenyewe. Mwishowe Harithi akapiga ukelele, umbo lake likakua mpaka kichwa kikagusa dari, watu wakaangukiana mlangoni.

"Ewe Shadhili!" akanguruma. "Mimi ni Samhuri, jini Mwislamu, na pete hiyo imenifunga kwako. Uliniamuru kudanganya nikadanganya, Mungu anisamehe. Lakini kuapa uongo juu ya kitabu chake, siapi. Niunguze ukitaka!"

Askari wakamkamata waziri, wakamvua pete, naye kwa woga akatapika yote: kwamba alikuwa akingoja Nadhira azae, kisha afichue kuwa walii alikuwa wa uongo na ndoa ni batili, ili watoto wakose haki ya kiti na ufalme uangukie ukoo wake. Sultani akamtia gerezani. Nadhira akaomba pete ivunjwe, akasema, "Jini huyu si damu yangu, lakini leo amekuwa ndugu yangu katika dini." Pete ikapondwa kwa nyundo, na Samhuri akaenda zake huru akimshukuru Mola.

Kadhi akasema, "Sasa Sultani atakuwa walii. Bi Nadhira, unaridhia?"

Nadhira akasema, "Naomba aletwe babangu."

"Bibi, hana nafasi katika akdi ya ndoa."

"Sikusema aniozeshe, Kadhi. Nimesema aletwe."

Wakamkuta langoni, amesimama tangu alfajiri. Akaingia na vumbi la mawe kwenye nyusi, na Nadhira akatoka nyuma ya pazia amejitanda, akaubusu mkono wake. "Baba, nilikudhania ubaya."

Behramu akasema, "Mwanangu, walinieleza kwamba sina idhini ya kukuozesha, nikaelewa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba sina idhini hata ya kukuhofia."

Watu wakainamisha macho. Kadhi akasema kwa sauti ndogo, "Kitabu chetu kimetuamrisha kukaa kwa wema na wazazi wasio wa dini yetu. Siku ile nilipomkataa mzee huyu nilisoma upande mmoja tu."

Basi Sultani akamwozesha, na Behramu akakaa mkono wake wa kulia, na Nadhira na Rafii wakaishi katika raha na mali nyingi, hata wakarithi kiti. Na anayesikia azingatie: imani humpa mtu ndugu wapya, lakini haimpi ruhusa ya kumdhulumu aliyemzaa. Behramu alikufa miaka mingi baadaye katika dini yake, na Nadhira hakuchukua hata kito kimoja, kwa kuwa Mwislamu hamrithi asiye Mwislamu, naye hakutaka kuipinda sheria. Lakini alimlilia mchana kweupe, kwa sauti, mke wa Sultani mbele ya mji mzima, na hapakuwa na kadhi wala waziri aliyethubutu kumwambia anyamaze.