Feruzi Dobi na Kanzu za Tajiri wa Chuma

Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Tanurini, uliokua kwa ajili ya kiwanda cha chuma, na mwenye kiwanda alikuwa Tajiri Ghalibu. Alikuwa mkarimu kupita kiasi, naye alitaka ukarimu wake uonekane kupita kiasi. Akajenga skuli, jina lake mlangoni; akajenga hata choo cha soko, na humo mtu alichuchumaa akitazamana na jina la Tajiri. Lakini kwa chuma chake alikuwa bahili wa ajabu, hata akapiga mbiu: "Kila kitokacho kiwandani mwangu, kijapokuwa kidogo kama punje ya mtama, ni mali yangu. Atakayekiondoa kilipo bila idhini yangu ni mwizi, na atafungwa."

Basi siku moja, mbele ya hospitali mpya, Tajiri akawauliza watu jina lake liandikwe kwa rangi gani. Feruzi dobi, fukara asiyeweza kuufunga mdomo wake, akadakia:

"Usijisumbue, bwana. Paka chokaa nyeupe tu, moshi wako utaandika wenyewe."

Watu wakaangua kicheko, hata wapiga tarumbeta wa Tajiri wakapaliwa. Tajiri akawaka.

"Ewe dobi! Ijumaa nina karamu ya kuifungua hospitali hii. Utazifua kanzu zangu zote, utazianika hapa hapa mjini, uniletee zikiwa nyeupe pe. Ukishindwa, wewe na mkeo mtahama, wala msirudi!"

Kicheko kikakatika, kwa maana Tanurini hapakuwa na mtu aliyewahi kuanika nguo nyeupe akaianua nyeupe. Na mke wa Feruzi, Bi Mishi, alikuwa karibu kujifungua.

"Domo lako hilo, mume wangu!" akalia Bi Mishi. "Nitazalia njiani mimi?"

Feruzi akafua, akatia buluu, akaanika. Ijumaa asubuhi kanzu zikawa kama magunia ya mkaa. Bi Mishi akalia tena, lakini Feruzi akacheka, akazilaza kwenye sinia taratibu, akaenda nazo karamuni.

"Ni nini hii?" akafoka Tajiri mbele ya wageni.

"Kanzu zako, bwana, nyeupe pe."

"Nyeupe! U kipofu?"

"Zi nyeupe, bwana, ila zimefunikwa na mali yako. Masizi haya yametoka kiwandani mwako, nami nimeogopa kuyaondoa yalipo. Afadhali niitwe dobi mbovu kuliko niitwe mwizi."

Kadhi wa mji, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akakohoa. "Mbiu ndivyo isemavyo, bwana."

"Basi nakupa idhini!" akanguruma Tajiri. "Yaondoe! Sasa hivi!"

Feruzi akaishika kanzu moja mabegani, akaikung'uta kwa nguvu zake zote. Likatanda wingu jeusi, likatua juu ya pilau, juu ya ndevu za kadhi, juu ya Tajiri mwenyewe. Ikawa katika ukumbi wote hakuna cheupe ila kanzu ile na meno ya watu.

Tajiri akamtazama kadhi, kadhi akamtazama Tajiri, na Tajiri akacheka hata akakaa chini. Alipopata pumzi akaamuru bomba la moshi lirefushwe, na wake wa mji wapewe uwanja wa kuanikia upande ambao moshi haufiki.

"Na dobi?" akauliza kadhi. "Ahame?"

"Ahame wapi!" akasema Tajiri, akijifuta machozi meusi. "Akihama huyu, nani ataniambia kwamba nimechafuka?"

Hekaya yetu tumeianika hapo. Aliyeipenda na aianue.