Kulwa, Doto na Fomu ya Jina Moja

Sogeeni, na mwenye kalamu aje nayo, maana hadithi hii inaishia kwenye fomu.

Bi Mwanahawa aliongoza ofisi ya kompyuta ya benki moja ya damu. Chini yake walikuwako watatu: Chausiku mwenye jicho, Ngwali mwenye kumbukumbu, na Shija mwenye mkono mwepesi.

Kompyuta ya wachangia damu ilikuwa imekufa zamani. Iliyobaki ni programu iliyojifanya ndiyo hiyo kompyuta, ikiigiza hata diski zake mbili, kila diski na chumba chake cha kumbukumbu. Asubuhi ile programu ilihamishiwa kwenye mtambo mpya. Saa nne hospitali zingeanza kuagiza damu.

Saa tatu Chausiku akajitafuta kwenye orodha. "Bi mkubwa, damu yangu ni kundi O tangu nizaliwe. Hapa naambiwa AB!" Angenyamaza, mgonjwa angetiwa damu ya kundi lisilo lake.

Ngwali akajikuna kisogo. "Diski ya pili niliinakili mimi kutoka ya kwanza, mwaka ule wa ukaguzi. Jina la chumba sikubadilisha. Vyote viwili vinaitwa 'Kumbukumbu', na data huhamishwa kwa jina la chumba; ya diski zote mbili imemwagwa katika chumba kimoja." Angenyamaza, wangetafuta wiki nzima.

"Kwetu kama mapacha wangepewa jina moja," alisema Shija, "mmoja angekunywa uji mara mbili, mwenzake alale njaa." Akaziita diski Kulwa na Doto, akatanguliza jina la kila diski kwenye jina la chumba chake, akahamisha upya. Saa nne kasoro dakika mbili, Chausiku akawa O tena.

Bi Mwanahawa akashusha pumzi aliyoibana saa nzima. Chai ikaagizwa. Ikaja pamoja na fomu ya makao makuu: Mtumishi Bora, likizo ya wiki mbili. *Jina moja tu. Yenye majina mawili itarudishwa.*

"Bila jicho langu, mngekuwa mnakunywa chai huku mtu anakufa," alisema Chausiku.

"Na bila kukiri kwangu?"

"Ngwali! Kosa lako mwenyewe unaliombea likizo?"

"Semeni tu," Shija alicheka. "Zile dakika mbili zilibakizwa na nani?"

Bi Mwanahawa alifikiria kuwaandika wote watatu kwa jina moja: 'Ofisi'. Akakumbuka asubuhi ilivyoanza, akaacha.

Kalamu yake iko hewani, na tarishi wa makao makuu anatazama saa. Haya, mliosikiliza, mshikieni mkono: kalamu ishuke kwenye jina la nani?