Jina Lililolika Ukingoni mwa Jiwe

Kina mama wapendwa, sogeeni. Hii si ya hapa kwetu, ni ya Ayalandi, kisiwa cha mvua na ng'ombe. Nilisimuliwa, nami sina kifua cha kukaa na habari.

Kulikuwa na mfugaji mmoja. Getini kwake lilisimama jiwe refu la kale, watu wa makumbusho wakaliomba, akawapa. Haukupita muda, jirani yake akaanza kueneza kwamba yule bwana ni mtu wa kuja, malisho yale si ya ukoo wake. Maneno yakafika kwa wazee wa baraza, wakamtaka alete ushahidi. Mnaijua hofu ya kuambiwa hapa si kwenu?

Akalikumbuka jiwe. Wazee wake walisema jina la ukoo limo. Akaenda mjini, akalikuta limesimamishwa chini ya taa. Akalitazama usoni: tupu. Akauliza jina limekwenda wapi.

Mama mtunza jumba akamtuliza. Akamweleza kuwa watu wale wa kale waliandika ukingoni, mikato mikato, na unaisoma kutoka chini kwenda juu. Tena waliandika fulani mwana wa fulani.

"La mwana liache, dada," akasema mfugaji. "Nisomee la baba. Hilo ndilo la ukoo."

Kidole cha yule mama kikapanda polepole. Jina la mwana likatoka. Kikafika kwenye "mwana wa", kikasimama.

"Hapa pamelika, kaka. Wala si mvua. Kuna mtu alikuwa akinolea mundu."

Mfugaji akapapasa pale palipolika.

"Si mtu," akasema. "Ni sisi. Babu, baba, na mimi mwenyewe. Kila tukienda kukata majani."

Naona mnamcheka. Haya, na sisi ndimi zetu tunazinolea wapi? Si kwenye majina ya wenzetu? Kwenye foleni ya maji, msibani, hata hapo nje kabla ya ibada. Leo binti wa fulani, kesho mke wa mchungaji. Tunafurahi ulimi unakata, hatuangalii kinachokwisha. Na kila tunayemsugua ameandikwa mwana wa Mungu, Baba yule yule wetu. Siku tutakapoulizwa sisi ni wa nani, tutalisoma wapi jina lake, nasi tumelimaliza kwa mikono yetu?